Swali Kwanza, Njia Baadaye: Kuchagua Njia za Utafiti katika Kazi za Wanafunzi juu ya Utamaduni na Vyombo vya Habari

Katika shule nyingi za sekondari, mwanafunzi akipewa kazi ya utafiti juu ya utamaduni au vyombo vya habari, jambo la kwanza analolifanya ni kuandika maswali ishirini katika karatasi, kuyatolea nakala na kuyagawa kwa watu. Ukimwuliza kwa nini ameichagua hojaji, atajibu kwamba ndivyo utafiti unavyofanywa. Jibu hilo halitoshi. Seremala hashiki randa kwa sababu tu randa ndiyo iliyo karibu na mkono wake; kwanza huutazama ubao, akajua kama unataka kukatwa, kutobolewa au kulainishwa. Mtafiti naye yampasa alitazame kwanza swali lake, ndipo achague njia.

Somo hili limekusudiwa walimu wa sekondari na wanafunzi wao. Ili mazungumzo yetu yasibaki hewani, tumechukua mahali pamoja, yaani kijiji cha Mlingotini, na kila njia tutaipima kwa swali linaloweza kuulizwa pale. Msomaji aliye Kigoma, Mbeya au Pemba ataweza kukiweka kijiji chake mwenyewe mahali pa Mlingotini. Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba hesabu za kaya na majibu zitakazotumika hapa chini ni za mazoezi tu. Si takwimu halisi za kijiji hicho.

1. Mahali penyewe

Mlingotini imo katika kata ya Zinga, wilaya ya Bagamoyo, mkoa wa Pwani. Iko kando ya ghuba yenye mikoko, kusini ya mji wa Bagamoyo, jirani na Mbegani. Wenyeji wake huvua na kulima, na baadhi yao, hasa wanawake, hulima mwani, zao lililoingia katika biashara ya pwani yetu mwishoni mwa miaka ya 1980. Kati ya Mlingotini na mji wa Bagamoyo yapo magofu ya Kaole, yenye misikiti na makaburi ya mawe, ambayo ya kale kabisa hukadiriwa kuwa ya karne ya 13. Katika mji wa Bagamoyo kipo chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho tangu mwaka 2007 huitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Na upande wa kusini iko Dar es Salaam, inayopeleka vijijini magazeti yake, matangazo yake ya redio na televisheni, na miziki yake ya mchiriku na singeli.

Kwa hiyo hapa mwanafunzi hana haja ya kwenda mbali kutafuta mada. Ngoma ya mdundiko na simu yenye kamera zimo katika kijiji kimoja, na pengine katika nyumba moja. Shida si uchache wa mambo ya kutafiti. Shida ni kujua utauliza nini, na utajuaje kwamba jibu ulilolipata ni la kweli.

2. Maswali ya aina nne

Maswali mengi ambayo wanafunzi huuliza juu ya utamaduni na vyombo vya habari yaweza kugawanywa katika mafungu manne:

(a) Maswali ya kiasi. Ni kaya ngapi zinazosikiliza taarifa ya habari kwa redio, na ngapi huipata kwa simu?

(b) Maswali ya mwenendo. Watu wanapokusanyika mbele ya redio, televisheni au simu, hufanya nini na wanachokisikia?

(c) Maswali ya maudhui. Magazeti yamekieleza vipi kijiji hiki, na ni nani aliyepewa nafasi ya kusema?

(d) Maswali ya kumbukumbu na maana. Ngoma fulani ilichezwa lini, na nani, na kwa sababu gani. Na kwa nini sasa haichezwi?

Kila fungu lina njia yake inayolifaa zaidi. La kwanza hutaka hesabu na hojaji. La pili hutaka kushuhudia. La tatu hutaka uchambuzi wa maudhui. Na la nne hutaka mahojiano na uchunguzi wa nyaraka. Hebu tuyaangalie moja moja.

3. Hojaji: kuhesabu bila kujidanganya

Tuseme swali letu ni hili: ni sehemu gani ya kaya za kijiji inayosikiliza taarifa ya habari ya redio angalau mara moja kwa siku? Tuseme pia kijiji kina kaya 400, na darasa lina uwezo wa kuzifikia kaya 40 tu. Itatulazimu kuchukua sampuli.

Sampuli njema ni ile inayompa kila mwenye kaya nafasi sawa ya kuchaguliwa. Wanafunzi wakisimama dukani na kuwauliza wapitao, watapata wapitao dukani, wala hawatapata kijiji. Njia nyepesi ni kupata orodha ya kaya kutoka ofisi ya kijiji, kuandika namba 1 hadi 10 katika vikaratasi, kuokota kimoja bila kutazama, na kuanzia hapo kuchukua kila kaya ya kumi. Ukiokota 7, utazitembelea kaya ya 7, ya 17, ya 27, na kuendelea hadi ya 397. Mwenyeji asipokuwapo, usiruke kwenda kwa jirani. Rudi siku nyingine.

Jambo hilo la kurudi ni zito kuliko linavyoonekana, na Mlingotini inatufundisha sababu yake. Kazi ya mwani hufuata maji. Siku za bamvua, bahari inapokupwa mbali, wakulima wa mwani huwa majini wakifunga na kuvuna. Darasa litakaloenda kijijini siku hizo wakati maji yamekupwa litawakuta watu wengine nyumbani na kuwakosa hao. Wavuvi nao wana saa zao, nao wengi hulala mchana baada ya kazi ya usiku. Basi, kabla ya kuweka tarehe ya hojaji, tazameni mwezi na maji. Sampuli iliyochaguliwa vizuri katika karatasi yaweza kuharibiwa na saa mbaya ya kubisha hodi.

Tuseme kaya 40 zimejibu, na 26 kati yake husikiliza. Hiyo ni asilimia 65. Je, mwanafunzi aandike kwamba asilimia 65 ya kaya za kijiji husikiliza? La. Angezichagua kaya nyingine 40, angepata labda 24, labda 29. Yupo mtego wa bahati, nao hupimika. Zidisha 0.65 kwa 0.35, gawa kwa 40, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jibu. Utapata karibu 0.075. Mara mbili yake ni 0.15, yaani asilimia 15. Kwa hiyo lililo la haki kuandikwa ni kwamba kaya zinazosikiliza huenda zikawa kati ya asilimia 50 na 80.

Sasa tazama hatari iliyo kubwa zaidi. Tuseme katika kaya hizo, 20 walijibu wanaume, na 15 kati yao husikiliza. Na 20 walijibu wanawake, na 11 kati yao husikiliza. Ni asilimia 75 kwa 55. Mwanafunzi mwepesi ataandika mara moja kwamba wanaume wa pwani hupenda habari kuliko wanawake. Lakini ukikokotoa kwa njia ile ile kwa kila kundi na kujumlisha kabla ya kutafuta kipeuo, utaona kwamba bahati peke yake yaweza kuleta tofauti ya karibu asilimia 29 baina ya makundi madogo kama haya. Tofauti ya asilimia 20 imo ndani ya mtego huo. Anayeitangaza kama jambo lililothibitishwa amewasingizia wanawake wa kijiji kizima kwa ushahidi wa watu wanne.

Hojaji, basi, ni chombo kizuri cha kujua kiasi, kwa sharti kwamba sampuli ichaguliwe kwa haki na maswali yawe mafupi na ya jambo moja moja. Haifai kwa mambo ambayo mtu huona haya kuyasema, wala kwa mambo ayafanyayo bila kuyawazia.

4. Kushuhudia: kuona kinachotendeka

Mtu akiulizwa kama husikiliza redio, atajibu ndiyo. Lakini kusikiliza ni nini? Redio yaweza kuwa imewashwa huku mama akikuna nazi na watoto wakigombana. Nyumba moja yaweza kuwa na simu moja yenye picha, na watu watano wameizunguka, mmoja akitafsiri maneno, mwingine akibisha. Hojaji itaandika "simu: 1". Jambo lenyewe la kijamii halikuandikwa.

Taifa letu lina mfano mashuhuri katika jambo hili. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya elimu ya afya kwa redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wanaokadiriwa kufikia milioni 2 walikusanyika katika vikundi vijijini, wakasikiliza kipindi, wakasoma pamoja, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya, kama vile kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Redio haikuwa sauti ya mtu mmoja sikioni mwa mtu mwingine. Ilikuwa mwanzo wa mazungumzo ya kikundi na kazi ya mikono. Anayetaka kuzijua nguvu za kampeni ya namna hiyo hawezi kutosheka na kuuliza, "Je, ulisikiliza?" Yampasa aende akaangalie: choo kipo au hakipo? Maji ya kunywa yamefunikwa au yako wazi?

Mwanafunzi anayeshuhudia hana budi kuwa na daftari lenye safu mbili. Katika safu ya kwanza huandika alichokiona na kukisikia: saa, mahali, waliopo, maneno yaliyosemwa. Katika safu ya pili huandika anachodhani. "Mzee aliinuka akaondoka singeli ilipoanza" ni la safu ya kwanza. "Mzee anauchukia muziki wa vijana" ni la safu ya pili, na huenda ni kosa. Labda adhana ilikuwa imekaribia. Mwanafunzi asiyezitenga safu hizo mbili hataweza tena, baada ya wiki mbili, kujua alichokiona ni kipi na alichokibuni ni kipi.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba watu hubadilika wanapotazamwa, na kwamba mtu mmoja hawezi kuona mengi. Tiba ya la kwanza ni kwenda mara nyingi mpaka ugeni uishe. Tiba ya la pili ni kuyakubali mawanda madogo na kutosema zaidi ya ulichokiona.

5. Uchambuzi wa maudhui: magazeti yanasema nini

Hapa tuna mada iliyowagusa wakazi wa Mlingotini na majirani zao kwa uzito mkubwa. Mwezi Machi 2013 Tanzania na China zilitia saini makubaliano juu ya bandari mpya iliyopangwa kujengwa Mbegani. Mwezi Oktoba 2015 Rais Jakaya Kikwete aliweka jiwe la msingi. Mwaka 2019 Rais John Magufuli alieleza hadharani kwamba masharti ya mradi hayakubaliki. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba mazungumzo ya kuufufua mradi yameanza. Katika miaka hiyo yote magazeti yaliandika mengi. Swali la utafiti laweza kuwa hili: katika habari hizo, ni nani anayesema?

Hili si swali la kuwauliza watu. Ni swali la kuyauliza magazeti yenyewe. Hatua zake ni hizi.

Kwanza, weka mipaka. Chagua magazeti mawili ya Kiswahili na kipindi maalumu, kwa mfano mwaka 2013 na mwaka 2019. Ikiwa huwezi kusoma kila toleo, chukua toleo moja kwa kila wiki, ukibadilisha siku: wiki ya kwanza Jumatatu, wiki ya pili Jumanne, na kuendelea. Ukichukua Jumapili tupu utapata makala ndefu na kukosa habari fupi za siku za kazi.

Pili, eleza mafungu kabla ya kuanza kuhesabu. Kila msemaji anayenukuliwa atatiwa katika fungu moja: kiongozi wa serikali, mwekezaji, mtaalamu, au mkazi wa eneo. Mafungu huonekana mepesi mpaka kazi inapoanza. Diwani anayeishi katika kata hiyo hiyo na mwenye shamba pale, je, ni kiongozi au ni mkazi? Amueni mapema, muandike uamuzi wenu, na muufuate katika habari zote.

Tatu, wanafunzi wawili wachambue habari zile zile bila kuambizana, kisha walinganishe. Tuseme wamechambua wasemaji 50 na wamekubaliana juu ya 41. Hiyo ni asilimia 82. Waangalie yale 9 waliyotofautiana, warekebishe maelezo ya mafungu, na kujaribu tena kwa habari nyingine. Ikiwa makubaliano ni madogo, maana yake ni kwamba matokeo yanatoka katika kichwa cha mchambuzi, hayatoki gazetini.

Tuseme mwishowe imeonekana kwamba wakazi ni wasemaji wachache sana. Hilo ni jambo la maana, kwa kuwa ukimya nao ni habari. Lakini angalia lisilosemwa na hesabu hiyo. Haituambii kwa nini mwandishi hakuwanukuu wakazi. Labda hakufika, labda walikataa, labda mhariri alikata. Wala haituambii wasomaji walifikiri nini. Kwa maswali hayo mawili itabidi njia nyingine: mahojiano na waandishi, na mahojiano na wasomaji. Wanafunzi wengi hupotea hapa: huhesabu maneno ya gazeti, kisha huandika hitimisho juu ya mioyo ya watu.

6. Mahojiano na kumbukumbu

Swali juu ya ngoma ya zamani au juu ya jinsi redio ya kwanza ilivyofika kijijini haliwezi kujibiwa kwa hojaji ya "ndiyo" na "hapana". Litajibiwa na wazee, nao wazee hawasemi kwa kufuata mistari ya karatasi. Maswali yawe machache na mapana: "Mzee, tusimulie jinsi harusi zilivyofanywa ulipokuwa kijana." Kisha msikilizaji anyamaze. Kinasa sauti, hata kile cha simu, kitumike kwa idhini tu.

Tarehe ni tatizo la kawaida. Wazee wengi hawakumbuki mwaka, lakini hukumbuka matukio. Basi tayarisha ngazi ya matukio: kabla au baada ya Uhuru wa mwaka 1961, kabla au baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, wakati wa kuhamia vijijini katikati ya miaka ya 1970, wakati wa vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kabla au baada ya televisheni kuanza Tanzania Bara mwaka 1994, wakati wa mvua kubwa za El Niño za 1997 na 1998. Kwa ngazi hiyo, "zamani sana" hugeuka kuwa kipindi kinachojulikana.

Aidha, msimuliaji aulizwe kila mara: jambo hili uliliona mwenyewe, au uliambiwa? Na ikiwa aliambiwa, aliambiwa na nani? Chukua jina la kijiji chenyewe. Kila mtu atasikia ndani yake neno mlingoti, nguzo ya chombo inayoshika tanga. Wasimuliaji watatu waweza kutoa visa vitatu juu ya asili yake. Kazi ya mtafiti si kuchagua kisa kitamu. Ni kuandika vyote vitatu, kuonyesha kila kimoja kimetoka kwa nani, na kukiri kwamba kisa huthibitisha jinsi watu wanavyolifahamu jina leo, wala hakithibitishi jinsi lilivyoanza.

7. Watangulizi wawili wa Bagamoyo

Mwanafunzi wa pwani asidhani kwamba utafiti wa utamaduni ni jambo geni kwao. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyefundisha Kiswahili mjini Berlin mwanzoni mwa karne ya 20, ndiye mwandishi wa sehemu kubwa ya maelezo yaliyochapishwa na Mjerumani Carl Velten mwaka 1903 kwa jina la Desturi za Wasuaheli. Humo zimeelezwa desturi za uzazi, ndoa, ngoma, biashara na matanga kwa Kiswahili cha mwenyeji. Kwa miaka mingi jina la Velten ndilo lililotajwa kwanza. Hapo pana mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba mwenyeji huyajua mambo ambayo mgeni hayafikirii hata kuyauliza. La pili ni kwamba anayetoa maarifa anastahili kutajwa. Lakini pia ujuzi wa mwenyeji una upande wake: huandika kutoka pale aliposimama. Mwanamume mjini, mwenye elimu ya dini, hawezi kuwa ameyaona yote ambayo mwanamke wa shambani aliyaona. Basi kila maandiko yaulizwe: nani ameandika, kwa ajili ya nani, na nani hakuulizwa?

Mfano wa pili ni wa miaka ya karibu zaidi. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland, alifanya utafiti kati ya Wazaramo wa Bunju, katika njia iendayo Bagamoyo, kuanzia mwaka 1965. Baadaye akawa miongoni mwa walioanzisha mradi wa Jipemoyo, ulioendeshwa kati ya 1975 na 1979 katika wilaya ya Bagamoyo kwa ushirikiano wa wizara ya utamaduni ya Tanzania na Akademia ya Finland. Jina lenyewe lilikuwa jibu kwa jina la Bagamoyo: mahali panaposemekana watu walibwaga moyo, sasa wajipe moyo. Katika mradi huo wanavijiji hawakuwa watu wa kuulizwa tu. Walishiriki kuyatambua matatizo, kuyajadili na kutafuta njia. Ngoma na nyimbo, ambazo mtafiti mwingine angezikusanya kama vitu vya makumbusho, zilionekana kuwa ndizo vyombo vya habari vya kijiji, ambamo watu husifu, huonya na huhoji.

Utafiti wa namna hiyo huitwa utafiti shirikishi. Nguvu yake ni kwamba swali hutoka kwa wenyewe, na jibu hubaki kwao. Udhaifu wake ni kwamba hutaka muda mrefu, na kwamba wenye sauti kubwa kijijini waweza kujifanya ndio kijiji. Darasa la sekondari haliwezi kuufanya mradi wa miaka minne, lakini laweza kuiga jambo moja: kabla ya kukamilisha swali, kawaulizeni wanakijiji ni jambo gani wao wenyewe wangependa lijulikane.

8. Ruhusa na adabu

Kubisha hodi ni sehemu ya utafiti. Kazi ya darasa ianze kwa barua ya mkuu wa shule kwa ofisi ya kijiji, ikieleza nini kitaulizwa na kwa nini. Anayeulizwa aambiwe kwamba ana haki ya kukataa, na haki ya kuacha katikati. Majina yasiandikwe katika karatasi za majibu, itumike namba. Anayetaka atajwe kwa maarifa yake, kama fundi wa ngoma au mtunzi, atajwe kwa idhini yake.

Yapo mambo yasiyoandikwa. Mafunzo ya jando na unyago yana siri zake, na mvulana hana ruhusa ya kumhoji bibi juu ya mambo ya mwali. Swali la nani amhoji nani liamuliwe mapema: wasichana wazungumze na akina mama, na kila mwanafunzi aamkie kama inavyompasa mtoto wa watu. Mzee aliyekosewa adabu hatasema uongo. Atasema kidogo, na mwanafunzi hatajua alichonyimwa.

La mwisho, na mara nyingi husahauliwa: matokeo yarudi. Pwani imetembelewa na watafiti wengi waliojaza madaftari wakaenda zao. Mahali ambapo watu wamewahi kuhesabiwa nyumba na minazi yao kwa ajili ya mipango mikubwa, kijana mwenye karatasi na kalamu huzua wasiwasi. Darasa lililosoma matokeo yake mbele ya mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili kinachoeleweka, likakubali kusahihishwa, limefanya utafiti kamili. Darasa lililopeleka kwa mwalimu tu limefanya nusu.

9. Kuchanganya njia

Njia hazigombani. Hojaji itasema wangapi, kushuhudia kutasema vipi, mahojiano yatasema kwa nini. Zinapokubaliana, imani yetu huongezeka. Zinapopingana, tusifiche, hapo ndipo penye jambo la kujifunza. Watu wakisema katika hojaji kwamba mdundiko umekwisha, na mwanafunzi akauona ukipita njiani Jumamosi, basi neno "umekwisha" lina maana nyingine inayostahili kuulizwa.

Lakini mwanafunzi mmoja mwenye muda wa wiki sita asichukue njia nne. Achukue swali moja, njia moja kuu, na njia moja ya kusaidia. Wiki ya kwanza iwe ya kuandika swali na kuomba ruhusa. Ya pili ya kujaribu njia kwa watu watano wasio katika sampuli. Ya tatu na ya nne za kukusanya. Ya tano ya kuchambua. Na ya sita ya kuandika na kurudisha matokeo. Wiki ya majaribio isikatwe hata kama muda ni mfupi, kwa maana swali bovu hugunduliwa hapo, nalo likigunduliwa baada ya kaya 40 halitengenezeki.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa kila swali lililo hapa chini taja njia kuu na njia ya kusaidia, na utoe sababu: (i) Ni wanafunzi wangapi wa shule yenu hupata habari kwa simu kuliko kwa redio? (ii) Nyimbo za wakulima wa mwani wakiwa kazini huzungumzia nini? (iii) Magazeti huwataja wavuvi kwa mambo gani?

2. Kaya 18 kati ya 60 zimejibu kwamba zina televisheni. Kokotoa asilimia, kisha mtego wa bahati. Je, ni haki kusema kwamba chini ya nusu ya kaya za kijiji zina televisheni?

3. Wanafunzi wawili wachambue wasemaji katika habari kumi za gazeti moja bila kuambizana. Wamekubaliana kwa asilimia ngapi? Ni fungu gani lililowatatiza, nalo lirekebishwe vipi?

4. Chagua jina la mahali karibu na shule yenu. Kusanya visa viwili au zaidi juu ya asili yake, ukionyesha kila kisa kimetoka kwa nani na yeye alikipata wapi. Ni ushahidi gani mwingine ungehitajika?

5. Orodhesheni mambo matatu ya utamaduni wa kwenu ambayo mwanafunzi hapaswi kuyauliza, na mweleze kwa nini.